Mama Alivyotufundisha Kumpoteza Beki

Wenzangu mliokulia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni, kabla kila kiwanja hakijaota ghorofa, ninyi hamhitaji kuelezwa. Tulikuwa watoto wa Kiswahili tuliolelewa na viyoyozi, lakini miezi ya baridi ikifika hakuna aliyebaki ndani. Tukitoka shule tunatupa mabegi, tunakunywa chai ya karak kutoka baqala, duka la mtaani, ikiwa bado inaunguza ulimi, kisha tunashuka kwenye kiwanja cha nyuma ya jengo letu. Kilikuwa na kokoto, paka wenye dharau, na friji mbovu tuliyoifanya goli. Ukianguka pale ulirudi nyumbani na nusu ya kiwanja kwenye magoti, na mama akikuona alianza kwa kukuuliza kama suruali imechanika.

Baba yangu alikuwa msimamizi wa madereva. Siku moja familia ya Kimarekani iliyokuwa ikihama ilimwachia mpira wa kwao, ule wenye umbo la yai. Aliuleta nyumbani akidhani umepata ajali. Aliyetuelewesha alikuwa Brayo, kijana wa Kikenya wa ghorofa ya chini, ambaye alikuwa ameutazama mchezo huo kwenye televisheni mara chache na kwa hiyo alikuwa profesa wake. Alisema mmoja anarusha, wengine wanakimbia kuwakwepa mabeki na kudaka, na anayevuka mstari wa mwisho na mpira amefunga goli. Kila mtu achomeke kitambaa kiunoni. Ukiwa na mpira kikinyofolewa, umekufa. Kugongana marufuku, kwa sababu mama zetu walikuwa wakali kuliko mwamuzi yeyote.

"Rehema, we hepa tu, mi nitakutupia," aliniambia.

Brayo alikuwa na mkono wa ajabu. Shida ilikuwa mimi. Mbio nilikuwa nazo, lakini beki yeyote alijua ninakokwenda kabla sijajua mwenyewe. Nikitaka kukata kulia, nilitazama kulia, nikapunguza mwendo, nikajipanga kama lori linaloingia gereji. Mpira ukifika, nakuta beki amekwisha kuupokea na anauliza habari za nyumbani.

Mama alikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya West Bay. Akiwa zamu ya asubuhi, jioni alianika nguo kwenye roshani na kutuangalia. Siku moja uvumilivu ukamwisha. Alishuka na kanga yake ya kazi za nyumbani, na vibanio vya nguo bado vimebana kwenye pindo.

"Mwanangu, macho yako yana umbea," alisema. "Yanatangaza kila unachotaka kufanya."

Hapo ndipo tulipojua kwamba alipokuwa sekondari Morogoro, Mama alicheza netiboli, na si kidogo. Alitupanga mstari mmoja, wasichana kwa wavulana. Akasema nyoosha mbio moja kwa moja kumwelekea beki, mpaka aamini unakwenda zako mbali, mpaka aanze kurudi nyuma kwa hofu. Usipunguze mwendo mapema, maana hatua fupifupi ni barua ya kuomba kukabwa. Halafu shusha kiuno, kandamiza mguu wa nje, geuka kwa mara moja, kichwa na mikono pamoja. Na ukishageuka, ufuate mpira. "Mpira hauna miguu," alisema. "Ukiungoja, atakuja mwingine auchukue."

Njia zenyewe tulizipa majina. Ile ya kwenda mbele kisha kugeuka ghafla kurudi tuliiita Nimesahau Funguo. Ya kukata pembeni kwa kasi ikawa Mwalimu Huyo. Ya mshazari kupita katikati ikawa Njia ya Baqala. Brayo akitaja jina, beki anabaki anatafuta mwalimu yuko wapi.

Kasoro ilikuwa moja, na ilikuwa kubwa. Kwenye netiboli, ukidaka unasimama. Kutembea na mpira ni kosa. Mama hakukubali kusikia vinginevyo. Tulimweleza kwamba huku mtu anadaka na kuendelea kukimbia, akajibu kwamba sheria za wahuni hazimhusu. Basi tukawa timu inayokwepa kama nyoka, inadaka kama kipa, kisha inaganda kama sanamu mpaka mtu aje kwa raha zake kutunyofoa vitambaa. Brayo alikuwa anashika kichwa na kutembea akiizunguka friji.

Habari zetu zikafika mtaa wa Muaither. Huko kulikuwa na vijana wenye fulana za namba na viatu vya meno, na kiongozi wao aliitwa Tariq, mrefu, mwenye mikono kama feni. Walikuja Ijumaa moja na kutuwekea sharti: tucheze mpaka adhana ya Magharibi, na mshindi aondoke na mpira wetu. Busara ilitaka tukatae. Lakini walimcheka Brayo viatu, vya kaka yake vilivyojazwa karatasi mbele, naye akajibu, "Sawa," kabla sisi hatujafungua mdomo. Mpira kama ule haukuuzwa popote tulipopajua. Ukienda, tulikuwa tunarudi kwenye kuwarushia paka mawe.

Mama alikuja kutazama na chupa ya chai. Tulicheza tukiwa nyuma kwa goli moja, kisha tukasawazisha, kisha jua likaanza kuzama nyuma ya majengo na kila mtu akawa anaangalia upande wa msikiti. Brayo akaninong'oneza, "Nimesahau Funguo."

Nilimkimbilia Tariq moja kwa moja kama mtu mwenye kesi naye. Akaanza kurudi nyuma. Nikashusha kiuno, nikakandamiza mguu, nikageuka, na mpira ukanikuta kifuani. Na mimi, mtoto wa mama yangu, nikasimama. Tariq alikuwa anakuja kwa nguvu zake zote kuninyofoa kitambaa. Hakutegemea kwamba kuna mtu duniani anayeweza kusimama vile. Alinipita, akaipita friji, akakumbatia pipa la taka la manispaa.

Mbele yangu hapakuwa na mtu, na bado sikusogea. Nilimtazama Mama. Aliweka kikombe chini taratibu.

"Sasa nenda," alisema.

Nilikwenda. Nilivuka mstari, na adhana ikatukuta tumelaliana mchangani.

Tariq alirudi akilalamika kwamba nilishasimama, kwa hiyo mchezo ulikuwa umekufa. Mama akamwambia, na Brayo akatafsiri kwa Kiarabu cha dukani, "Kijana, kusimama si kosa. Kosa ni kupitiliza." Sijui Brayo alitafsiri nini, lakini Tariq aliinamisha kichwa, akapokea chai.

Mwaka uliofuata mkataba wa baba yake Brayo uliisha, wakarudi Nakuru. Mpira tulimpa yeye. Ulikuwa umechunika kama kiazi, lakini aliupakata ndani ya gari mpaka likakata kona. Nililia kwenye ngazi, na Mama alikaa pembeni yangu mpaka nilipomaliza.

Siku hizi mtoto wa kaka yangu anacheza mchezo huohuo kwenye nyasi za bustani. Ana glovu, koni za rangi, na video ya kumfundisha kupinda goti. Anapasha misuli moto kwa muda ambao sisi tungemaliza mechi mbili na ugomvi mmoja. Njia zake ni safi, sikatai. Akikata kona, hata Mama angenyamaza kidogo. Mipira anayo mfuko mzima.

Ijumaa iliyopita alikaa pale akibonyeza simu, anatafuta mwenzake wa kuja. Mmoja amechoka, mwingine yuko mall, wa tatu amesoma ujumbe na kukaa kimya. Mwishowe akaniangalia.

"Shangazi, unaweza kunirushia?"

Nikavua viatu. Mkono wa Brayo sina, na mpira wa kwanza ulikwenda kwa watu waliokuwa wanachoma nyama.