Picha ya Fujo

Kwa miaka thelathini na minne, hakuna timu ya watoto mjini iliyotwaa kombe, wala iliyofungwa mabao ya aibu, bila kupita mbele ya kamera ya Mama Fumba. Alifika uwanjani kwa baiskeli asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda na kuwachimba watoto mashimo meusi machoni. Stendi yake ya miguu mitatu aliifunga nyuma kwa kipande cha tairi la ndani. Salamu zilikuwa hazijaisha, yeye keshaagiza mabenchi mawili kutoka darasani. Wafupi chini, wamekunja miguu. Wa kimo cha kati kwenye benchi. Warefu nyuma, mikono mgongoni ili wasifinyane. Mpira mbele, umeandikwa mwaka kwa chaki.

Kila nchi ina neno lake la kuwatoa watu meno mbele ya kamera. Kwingine huambiwa waseme jibini, kwingine viazi. Mama Fumba hakuwa na neno, alikuwa na amri. "Fumba!" Watoto wote wakafumba macho, wasikunjwe nyuso na jua lililowaelekea. "Moja, mbili, tatu, fumbua!" Hapo nyuso zikafunguka kama madirisha, naye akabonyeza.

Lakini kabla ya hiyo alipiga kwanza nyingine ya kupoteza, aliyoiita picha ya fujo. "Chekeni, toeni ndimi, malizeni wazimu wenu wote sasa hivi." Mtoto akiruhusiwa fujo huishiwa nayo upesi. Picha ya pili ndiyo iliyosafishwa na kutundikwa. Ya kwanza ilibaki kwenye filamu, filamu ikaingia bahasha, bahasha ikaingia boksi la viatu, na maboksi yakajaza chumba cha wageni mpaka dirishani.

"Wageni tumewafukuza," mumewe alizoea kulalamika. Alikuwa fundi saa, amestaafu kama yeye. "Tunafuga watoto wa watu humu."

"Watoto wenyewe hawali."

"Hawali? Wamekula kitanda kizima!"

Jumatano moja alifika mwanamke wa makamo, dereva wa lori la maji, funguo zikimning'inia kidoleni. Aliamkia, akaitikiwa, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekuja kukaa.

"Hunikumbuki, Mama."

"Nyuso nimeziona nyingi, mwanangu. Niambie timu."

"Shule ya machimboni. Mwaka tulipochukua kombe la wavulana."

Mama Fumba alikuwa akimimina chai. Aliiweka birika chini, kikombe kimefika nusu.

"Shule imetimiza miaka hamsini," mgeni aliendelea. "Nikawapeleka wanangu wawili. Ukumbini pametundikwa ile picha yako, kubwa kama mlango. Nikawaambia, haya, lile kombe nililileta mimi, nilidaka penalti mbili. Wakatazama, wakatazama tena. 'Mama, uko wapi?' Kipa pale ni mtoto wa mpiga kengele, kavaa glovu zangu! Yule hajawahi kudaka hata papai akitupiwa. Sasa nyumbani naitwa Kipa wa Hadithi. Nikisema chakula kiko tayari, wananidai ushahidi."

Mume wa Mama Fumba alicheka. Mkewe hakucheka. Kumbukumbu ilikuwa imemrudia yote, hata harufu ya majani yaliyofyekwa alfajiri ile.

Msimu mzima yule msichana alidaka nywele zikiwa ndani ya kofia, na kila mtu uwanjani akajifanya kipofu. Siku ya picha, mwalimu mkuu alichelewa. Picha ya fujo ilipokuwa inapigwa, ndipo alipofika mbio na tai yake, kwa sababu alikumbuka kuwa wakubwa wa mashindano wangetaka nakala. Wakimwona msichana, kombe lingerudishwa. Yeye mwenyewe alishindwa kumwambia mtoto. Aliinama sikioni mwa mpiga picha, akamwachia mzigo. Naye Mama Fumba, badala ya kusema kweli, alitumia uongo wa kifundi: "Wewe wa mwisho, sogea pembeni, mwanangu. Unatia kivuli."

"Nakumbuka nilichokwambia," alisema sasa.

"Na mimi nakumbuka. Nilitazama chini. Kivuli changu kilikuwa nyuma yangu."

Nje mtu alipita akiburuta mtungi wa gesi.

"Niwie radhi, mwanangu."

"Sikufuata radhi, Mama. Ulibonyeza mara mbili. Ya kwanza nilikuwemo, au najidanganya? Siku hizi hata mimi nimeanza kuwa na shaka."

Fundi saa aliacha kucheka na kuanza kukagua kucha zake. Mkewe alimfahamu. "Sema."

"Paa lilipovuja... yale maboksi ya ukutani, ya miaka hiyo. Saba yalilowa. Matatu niliyaanika."

"Na manne?"

"Yalikuwa yanaota ukungu, mke wangu. Nikayatupa."

Mkewe alifungua chumba cha wageni, akaingia kwa ubavu, maana mlango haukufunguka wote. Yale matatu yalikuwa chini kabisa, yamekakamaa kama mikate ya juzi. Wakayabeba wote watatu hadi dirisha la sebuleni na kuanza kuinua vipande vya filamu kwenye mwanga, filamu ambamo weupe ni weusi na weusi ni weupe. Wakapita watoto wa miaka na miaka: peku, soksi moja moja, jezi za kaka zao zinazofika magotini, ndimi nje, vidole masikioni mwa jirani. Mama Fumba aliwataja kwa sauti ya chini, huyu sasa daktari wa meno, huyu alihama, huyu tulimzika. Tangu simu zianze kupiga picha hakuna aliyemwita uwanjani, na hakuwa amewatazama. Mara mbili alisahau wanachotafuta.

Boksi la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Katika la tatu, mumewe alibana jichoni kile kioo chake cha ufundi na kusogea karibu na dirisha.

"Hapa wendawazimu kumi na mmoja. Mmoja ana kofia na glovu." Aliigeuza filamu kidogo. "Na kuna mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa mwalimu mkuu. Hiyo saa niliibadilisha kioo mwenyewe."

Ile picha safi, jirani yake kwenye filamu, ilikuwa imeliwa na ukungu yote. Mgeni aliipiga ile ya fujo kwa simu yake, akaigeuza weusi kuwa weupe. Msichana akatokea mwisho wa mstari, glovu juu, ulimi nje hadi kidevuni. Kutoka ukingoni mwa picha mkono wa mtu mzima ulikuwa umekamata bega lake.

"Nitamwona kijana wa kompyuta," alisema Mama Fumba haraka. "Mkono huo ataufuta, hutajua hata kama ulikuwepo."

"Usifutwe."

"Unaharibu picha, mwanangu."

"Wakiniona bila mkono watasema nilikuwa napita tu, nikajiingiza. Mtu asiyekuwemo hatolewi, Mama."

Aliituma kwa wanawe palepale, bila neno. Hazikupita dakika mbili, simu ikaita.

"Mama! Huyu mwenye ulimi ni wewe kweli?"

"Ni bibi yako!"

"Na huo mkono? Alikuwa anakupongeza?"

Mwanamke akamnyooshea simu mwenye nyumba. "Aliyepiga yuko hapa. Muulizeni yeye."

Mama Fumba aliipokea kwa mikono miwili. Alikohoa. Mumewe alimsogezea kiti, hakukaa.

"Shikamoo, bibi," sauti ilisema.

"Marahaba, wajukuu. Sikilizeni vizuri, maana hili sijawahi kumwambia mtu. Mama yenu alikuwa kipa. Na siku ile hakutia kivuli chochote."