Ukweli wa Dada, Sifa Zangu

Tangu utotoni nilifundishwa kwamba mwanaume ni ujasiri, mwanamke ni subira. Niliamini hivyo mpaka kikao cha ukoo kule Kagoma, wiki mbili baada ya kumzika baba.

Baba mdogo alikuwa ameshapanda miche ya mulamula, mmea wetu wa mpaka, katikati ya kibanja, shamba letu la nyumbani. Akawaambia wazee kuwa marehemu alimpa upande wote wa chini, wenye migomba na kahawa. Uongo mtupu. Dada yangu na mimi tulikuwapo baba alipomkatalia: "Hapo ndipo atakapokula mke wangu." Bila upande ule, mama angebaki na nyumba na ua tu. Alikuwa ameketi mkekani, kichwa ameinamisha.

Nilijua la kufanya, lakini ulimi ulikuwa mzito. Baba mdogo ndiye aliyenisomesha, na alikuwa akinitazama usoni.

Dada akasimama. "Waitu, wazee wangu, baba alikataa. Nilimsikia kwa masikio yangu."

"Keti!" akafoka mzee wa ukoo. "Mwanamke gani asiye na adabu? Mama yako amenyamaza, wewe ndiye mwenye mdomo?"

Hakuketi. Alijifunga kanga upya kiunoni. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mzee akanigeukia. "Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii. Sema."

"Alivyosema dada ndivyo ilivyokuwa." Hayo tu.

"Huyo ndiye mwanaume!" wazee wakaitikia. Wahenga walisema penye ukweli uongo hujitenga. Siku ile uongo ulisubiri kwanza ukweli usemwe na mwenye suruali. Wakaamua mulamula ing'olewe, kibanja chote kibaki kwa mama. Nikapewa kahawa ya kutafuna kabla ya baba mdogo, heshima ambayo sikuwahi kuipata. Ujasiri gani? Nilikuwa nimejificha nyuma ya kanga ya dada yangu.

Kisha mzee akasema limebaki jambo moja: dada amwombe radhi baba mdogo kwa utovu wa adabu.

Dada akanitazama. Akangoja kidogo. Halafu akapiga magoti mbele ya yule mwongo, akaomba radhi kwa kusema kweli. Mimi, jasiri wao, nilikuwa na kahawa mdomoni, nikaendelea kutafuna.