Tulivyokwenda Biharamulo Kuchagua Gari la Kuvuta Mashine

Tulitoka kijijini kwa sababu ya ng'ombe aliyelala.

Mashine yetu ya kusaga ilifungwa juu ya tela la magurudumu mawili, kwa kuwa ilikuwa ya vijiji vitatu vya ujamaa na kila kijiji kilikuwa na siku zake. Zamani ilivutwa na gari. Vita na Amini vilipoanza jeshi lilikuja kuazima magari, nasi tukalitoa letu kwa moyo mmoja. Tuliliimbia mpaka likapotea kwenye kona, na huo ukawa mwisho wa habari zake. Tangu hapo tela lilivutwa na maksai sita wa mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu Ngara kutoka upande wa Shinyanga. Wiki moja baada ya Pasaka, maksai wa mbele alifika katikati ya kijito, akatazama kushoto, akatazama kulia, akalala. Wenzake wakaona ni jambo jema. Mashine ilikaa majini siku mbili. Akina mama wa vijiji vitatu wakarudia kinu na mchi, na kila aliyetwanga alilitaja jina langu, maana mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya mashine.

Halmashauri ya kijiji ikakaa. Fedha za kahawa zilikuwepo, na kibali cha kununua pikapu moja ya dizeli kilikuwa kimetoka, ila kisipotumika kabla ya mwisho wa mwezi kingepewa kijiji kingine. Habari zilisema kuna pikapu mbili. Moja mpya kabisa ilikuwa kwenye ghala la serikali Biharamulo. Nyingine kuukuu ilikuwa inauzwa na misheni moja karibu na Nyakahura.

"Nendeni mkazitazame zote mbili bila upendeleo," alisema Mwenyekiti, ambaye pia ni shemeji yangu. "Halafu mtuletee ile mpya."

Tuliteuliwa watu watatu. Mzee Masanja aliteuliwa kwa sababu anajua mambo ya kuvuta. Bitama, kijana wa mgambo aliyerudi kutoka Uganda na cheo cha koplo, alikuwa ndiye dereva pekee kijijini. Mimi, Mama Deo, niliwekwa ili pawepo mtu wa kuandika.

Jumanne alfajiri tulipanda lori la maharage pale njia panda. Tulikaa juu ya magunia, na vumbi jekundu likatufanya wote watatu kuwa ukoo mmoja. Njia nzima Bitama alisimulia alivyoendesha lori la jeshi kutoka Mutukula mpaka Masaka na zaidi, taa zimezimwa, risasi zinalia. Mzee Masanja alimsikiliza kwa adabu. Tulipofika kwenye pori akamuuliza, "Na hilo lori lilikuwa linavuta nini?"

"Lilibeba askari, Mzee."

"Kubeba si kuvuta," alisema Masanja, akajifunika koti usoni.

Nyakahura, saa saba mchana. Ilikuwa siku ya soko. Tulikula mihogo ya kuchoma kando ya barabara, tukajipangusa, tukatembea hadi misheni. Aliyetupokea alikuwa Bruda Klemensi, Mhaya mrefu mwenye ovaroli iliyokuwa na grisi nyingi kuliko nguo.

"Shikamoo Mzee," alimwamkia Masanja.

"Marahaba. Tumekuja kuona gari."

Ilikuwa nyuma ya karakana. Zamani ilikuwa nyeupe. Mlango mmoja ulikuwa wa kijani, kumbe ulitoka kwenye gari jingine. Nikafungua daftari langu, nikamwomba Bruda atueleze sifa zake.

"Sifa?" alisema, kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Nianze na ubovu. Dirisha la kushoto halipandi. Honi inalia ukikata kona ya kulia, na haisikii amri nyingine. Asubuhi ya baridi haiwaki mpaka isukumwe, kwa hiyo ilaze kwenye mteremko. Gia ya pili ina kiburi."

Niliacha kuandika. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijakutana na muuzaji wa namna hiyo, nikaanza kushuku kwamba hataki kuuza.

Mzee Masanja hakushughulika na maneno. Alizunguka pikapu mara mbili, akainama, akatazama chini yake, akaisukuma kwa bega kama anavyowasukuma maksai mnadani. Akashika chuma kinene cha kufungia tela kilichochomelewa nyuma, akaning'inia kwa uzito wake wote.

"Ikivuta mzigo mlimani," aliuliza, "inalala?"

"Hailali, Mzee," alisema Bruda. "Inakohoa, lakini hailali."

Akaifungia tela lenye matofali ya kujengea zahanati, akaketi kwenye usukani, akapanda nayo kilima cha kanisani. Ilikohoa kweli. Ilitoa moshi uliowafanya watu wa sokoni wageuke. Lakini ilifika juu, ikasimama, matofali yote yakiwa mahali pake. Mzee Masanja alitoa kofia, akaivaa tena. Kwa mtu wa tabia yake hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

"Tumeshaona," nilisema. "Sasa tunakwenda Biharamulo kuona jipya."

"Vizuri," alisema Bruda. "Mimi nisingenunua kabla ya kuona yote mawili."

Jumatano jioni tuliingia Biharamulo kwa lori la chumvi. Tuliliona boma la Mjerumani limekaa pale juu na kuta zake nyeupe, tukapata vyumba katika nyumba ya wageni. Alhamisi asubuhi tukaenda ghalani tukiwa tumevaa vizuri. Bitama alivaa hata viatu vyake vya jeshi.

Pikapu mpya ilikuwa ya buluu. Viti vyake vilikuwa bado kwenye nailoni. Nitasema kweli, moyo wangu ulikwenda kwake. Nilichungulia dirishani nikasikia harufu ya ndani, nikajiona nimekaa pale mbele na kilemba, nikipita mbele ya nyumba ya Mwenyekiti. Bitama alisimama wima mbele yake kama mbele ya afande.

Mtunza ghala alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Ndugu," Masanja alimwambia, "ivutishe kitu nione."

"Gari jipya halijaribiwi, Mzee. Likishajaribiwa si jipya tena."

"Na nikishanunua?"

"Hapo ni lako, unajaribu upendavyo."

"Kwa hiyo nitajua nimenunua nini nikishanunua."

"Ndiyo utaratibu, Mzee."

Nilizunguka nyuma. Hapakuwa na kitu cha kufungia tela. Nikauliza.

"Kimeagizwa," alisema.

"Kitafika lini?"

"Kimeagizwa, Mama."

"Na betri? Naona mahali pake ni patupu."

"Betri imeazimwa na gari lililompeleka mkubwa safarini. Ikirudi inarudi."

"Fundi wa kwetu hawezi kuchomelea chuma cha tela?"

"Akikichomelea, dhamana imekwisha. Jipya lina dhamana."

Nilimwangalia, nikaona si mtu mbaya, amesimama tu mahali ambapo lazima aseme hivyo. Nikamsogelea. "Mwanangu," nilimwambia, "kama mashine hii ingekuwa ya kijiji cha mama yako, naye yuko kinuni sasa hivi, ungemwambiaje?"

Alitazama mlango wa ofisi. Akanielekeza kwa kidevu kwenye kona ya uwanja, kulikokuwa na trekta jipya kabisa. Kuku wawili walikuwa wamekaa kwenye kiti cha dereva.

"Lile lilifika mwaka juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Linasubiri jembe lake. Mayai huwa tunagawana."

Tulikwenda kula ugali na samaki kwenye hoteli karibu na stendi, na hapo ndipo tulipogombana.

"Tukirudi na lile kuukuu," alisema Bitama, "watu watasema jeshi lilichukua zima, sisi tukarudisha bovu. Mimi sitaingia kijijini na mlango wa kijani."

"Maksai mzuri hana rangi," alisema Masanja.

"Mzee, hili ni gari."

"Linavuta au halivuti?"

Wakanigeukia mimi. Niliogopa, sitaficha. Agizo la Mwenyekiti nilikuwa nalo kwenye daftari kwa mwandiko wangu mwenyewe: mtuletee ile mpya. Nikilivunja, ukatibu ungekwisha, na kwenye sikukuu za ukoo ningekula nikiwa nimegeukia ukuta. Lakini mahindi ya msimu yalikuwa yanakauka, na nilijua mikono ya wanawake waliokuwa wakitwanga, hata sauti ya kila mchi. Nikamaliza samaki wangu.

"Tunarudi Nyakahura," nilisema. "Nitajibu mimi."

Bitama alininunia mpaka kesho yake.

Jumamosi, Nyakahura. Karatasi ziliandikwa, mihuri ikagongwa, pikapu ikawa ya kijiji. Bruda akamkabidhi Bitama ufunguo. "Haya Koplo, vuta lile tela, kisha ulirudishe nyuma mpaka mlangoni pa karakana. Ukiweza hilo, mengine ni barabara tu."

Bitama alivuta vizuri sana. Kisha akaweka gia ya nyuma. Tela likakunja shingo upande wa kushoto. Akalinyoosha, likakunja kulia. Mara ya tatu likawa limeinamia mlango wa kijani, na mgomba mmoja wa misheni ulikuwa chini. Akazima injini, mikono ikabaki kwenye usukani.

"Uliendeshaje huko vitani?" Bruda aliuliza bila ubaya.

"Bruda," alisema Bitama, "katika msafara kila gari lina jingine nyuma yake. Toka Mutukula mpaka mwisho sikurudi nyuma hata mara moja. Hakuna aliyetufundisha."

Hatukucheka, kwa sababu uso wake haukuruhusu. Masanja peke yake ndiye aliyesema, "Hata maksai hawajui," nadhani kwa nia ya kumfariji.

Jumapili baada ya misa Bruda alitupeleka uwanja wa mpira. Wakati ule magari yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kubana mafuta, nami nikamkumbusha.

"Amri inasema barabarani," alijibu. "Hapa ni golini."

Bitama alijaribu tangu saa nane hadi saa kumi, nami nikisimama nyuma nikimwelekeza: kata, nyoosha, umezidisha. Mwishowe alishuka akifuta jasho. "Mama Deo anajua kila kitu," alisema. "Apande yeye."

Alisema kwa hasira, lakini Bruda akafungua mlango. Sikuwahi kushika usukani maishani. Waliniwekea gunia lililokunjwa ili nione mbele, ingawa shida yangu ilikuwa nyuma.

"Usishike usukani juu," Bruda aliniambia. "Shika chini kabisa. Unataka tela liende kushoto? Mkono uende kushoto. Unataka kulia? Mkono kulia. Na polepole, kama unamwamsha mgonjwa."

Mara ya kwanza nilizima injini. Mara ya pili niliwatawanya mbuzi wa katekista. Sina hakika ilikuwa mara ya ngapi nilipoliona tela kwenye kioo linanyooka, linanifuata mawazo, linaingia taratibu katikati ya miti miwili ya goli.

"Goli," alisema Masanja.

Bitama alikuja dirishani. Nilidhani atanuna tena, lakini alicheka kwa mara ya kwanza tangu Biharamulo. "Basi tugawane kazi," alisema. "Mimi mbele, wewe nyuma."

Jumatatu asubuhi tuliisukuma kwenye mteremko, ikawaka. Bruda akaniletea karatasi aliyoiandika kwa mkono, ubovu wote wa gari kwa nambari, kumi na saba, ili tusije tukasema tulidanganywa. Tukaondoka. Milima ya kuingia Ngara iliipanda ikikohoa, na kwa sababu kona nyingi za njia ile ni za kulia, tulipita vijiji vyote tukipiga honi kama harusi.

Saa tisa tuliingia nyumbani. Watu walikuwa wamekusanyika uwanjani. Mwenyekiti aliizunguka pikapu, akaugusa mlango wa kijani.

"Mama Deo. Mpya iko wapi?"

Nikaeleza mbele ya wote: chuma kilichoagizwa, betri iliyoazimwa, trekta na kuku wake. Akanyoosha mkono apewe ile karatasi ya Bruda niliyokuwa nimeishika, akaanza kuisoma kwa sauti, nadhani ili kunifedhehesha. Dirisha halipandi. Honi haitii amri. Gia ya pili ina kiburi. Alipofika nambari kumi na mbili, isemayo ikipewa mzigo hunung'unika lakini hufanya kazi, bibi mmoja aliyekaa mbele, mama yake Bitama, akasimama.

"Mimi nimeolewa miaka arobaini," alisema. "Karatasi kama hiyo sijawahi kupewa."

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Mwenyekiti naye, baada ya kupigana nacho kwa muda, akashindwa.

Kesho yake asubuhi Bitama alivuta mashine hadi mbele ya banda. Akashuka, nikapanda, nikashika usukani chini kabisa. Tela likaingia ndani bila kugusa nguzo. Jioni hiyo hakikusikika kinu hata kimoja.

Niliyojifunza safarini ni machache. Anayekuuzia kitu na kukutajia ubovu wake amekupa na njia ya kuishi nacho. Jipya lisilo na chuma cha kufungia tela ni pambo. Na kwenda mbele wengi tunajua; kurudi nyuma lazima ufundishwe. Miaka minne Bitama na mimi tuliendesha gari moja, yeye mbele, mimi nyuma, hatukuwahi kugombana tena.

Mwenyekiti alikuja bandani mwishoni mwa wiki ile tuliyorudi, na debe lake la mahindi, akapanga foleni kama watu wengine. Zamu yake ilipofika aliinama karibu yangu.

"Shemeji," alisema, "hilo la kurudisha nyuma nami utanifundisha. Ila tutafute mahali ambapo watu hawapiti."