Salamu za Madogo

Ofisini kwetu Garsen, kabla hujaulizwa maji, unaulizwa ng'ombe. Mimi nilikuwa wa redio ya upepo katika ofisi ya maji, na kila asubuhi aliniita mzee mmoja Muorma aliyekuwa akisoma kipimo cha mto kule Madogo. Sikuwahi kumwona. "Dada, mtoto iko salama? Ng'ombe iko salama?" Sina ng'ombe wala sijawahi kuwa naye, lakini nilimjibu wako salama, wamenenepa, naye akacheka. Ndipo aliponipa kipimo, nami nikawapa habari wakulima wa Kilelengwani wajue kama mto unapanda.

Kisha tukaletewa programu ya simu. Redio ikang'olewa, yakabaki matundu ya skurubu ukutani. Programu ilitaka tarakimu tu, na chini yake kisanduku cha kuandikia hitilafu. Wenzangu wa vituo vingine wakakijaza salamu: poleni na jua, mgonjwa anaendeleaje. Makao makuu wakafoka, wakachoka, mwisho wakakiita kisanduku cha maoni. Hapo nilifurahi, maana tuliwashinda kidogo.

Ila mzee wa Madogo hakujibu. Kila asubuhi lilitokea jina lake na tarakimu, basi. Niliandika kwamba ng'ombe wangu wamezaa. Kimya. Niliandika kwamba mmoja amepotea. Kimya. Nikanuna. Nilijiambia, huyu kapewa simu ya kisasa sasa anajiona. Hata wakulima waliokuwa wakisimama dirishani kungoja redio sasa walipata ujumbe huko huko shambani, na mimi nilibaki na feni. Nilikuwa mpweke, nisifiche, na hasira zangu zote nilimwekea yeye.

Fundi wa ofisi alipokuja kurekebisha sola, nikamlalamikia kuhusu yule mzee asiyejibu salamu. Akaniangalia kwa mshangao. Akasema Madogo hakuna mtu. Kuna chombo kimefungwa darajani, kinasoma mto na kutuma chenyewe, na jina la mzee lilibaki kwa sababu hakuna aliyejali kulibadilisha. Mzee mwenyewe aliachishwa kazi wiki ileile redio zilipong'olewa, akaswaga ng'ombe wake kuelekea Bangale.

"Hakuaga?" nikauliza.

Fundi aliendelea kufuta kioo cha sola.

"Aliomba redio asalimie Garsen kwanza," akasema. "Mimi nilikuwa nishakunja waya."