Kumfundisha Mkwe Pikipiki Isiyo na Sauti

Nimefundisha watu wengi kuendesha pikipiki hapa Likoni, na kazi yote niliifanya kwa masikio. Mwanafunzi akiniuliza lini abadilishe gia, nilimwambia asikilize injini. Akiniuliza kama imezima, nilimwambia asikilize. Asipoelewa kabisa, nilikaa nyuma yake, nikaweka mikono yangu juu ya yake, tukaenda pamoja mpaka mwili wake uzoee. Kisha akaja mama mkwe wangu.

Mama hupika mahamri na kuyasambaza kwenye vibanda vya chai asubuhi na mapema. Kwa miaka mingi alilipa bodaboda wa kumzungusha, na huyo hakuwa mimi. Kwetu mama mkwe hapandi kiti kimoja na mkwewe. Hata maneno, mengi hupitia kwa mke wangu, ingawa sote tunasikiana.

Chama chetu cha waendeshaji kilipotangaza mikopo ya pikipiki za umeme, ile isiyo na riba iliyodhaminiwa na serikali, mama alikuja nyumbani, akaketi hatua mbili kutoka kwangu.

"Mwambie mumeo anieleze," alimwambia mke wangu.

Nikaeleza. Bei ya pikipiki inagawanywa kwa miezi. Unarudisha bei ile ile, haizidi hata shilingi. Ukikwama, kuna dhamana ya serikali.

"Mwambie aeleze tena. Huyo anayekopesha, yeye anakula nini?"

"Mama, serikali inataka moshi upungue barabarani, na watu wapate chombo cha kazi."

"Hm. Moshi."

Alikuwa amekataa mikopo ya kila namna maisha yake yote kwa sababu ya riba, kwa hiyo sikumharakisha. Nilieleza mara ya tatu. Kesho yake akaenda kumwuliza sheikh wa msikiti wa mtaani kwao, akarudi, akaomba kalamu.

Sharti lililobaki lilikuwa leseni. Siku ya kugawa pikipiki ikifika na huna, nafasi yako anapewa anayefuata kwenye orodha, na orodha ilikuwa ndefu. Tulikuwa na wiki tano.

Chama kilituazima pikipiki moja ya mazoezi, tukawa tunakwenda kwenye kiwanja kilicho nyuma ya shule, mimi, mama, na mke wangu katikati kama mkalimani. Usawa haukumpa taabu, maana usichanani aliwahi kuendesha baiskeli ya kaka yake. Taabu ilikuwa kusimama. Pikipiki ya umeme ikisimama haitoi hata mnong'ono, na bado iko macho. Kuna taa ndogo ya kijani ya kukujulisha, lakini jua la saa nne huifuta. Mama alisimama vizuri, akadhani imelala, akashika mkono wa kulia wa usukani, ule wa kuongeza mwendo, ili ajishikilie akishuka. Chombo kikaruka naye mpaka kwenye ua wa michongoma.

"Mwambie mama asiguse mkono wa kulia kabla hajazima," nilisema.

"Nimesikia," mama alimwambia mke wangu. "Mwulize nitajuaje kwamba haijazima."

Nilifungua mdomo niseme "sikiliza", nikaufunga.

Siku ya pili alikwenda kugonga meza ya muuza mihogo. Wenzangu wa stejini, pale tunapongojea abiria, walikuwa wamekwisha kusanyika.

"Mwalimu! Leo umepatikana na mkweo!"

"Bi mkubwa, hiyo haina mafuta lakini ina wazimu!"

Mama alikuwa bado anaokota mihogo ya watu. "Na wewe una mafuta tele," alimjibu bila kuinua kichwa, "na tangu asubuhi hujaenda popote."

Walicheka mpaka wakamwacha, nami nikafurahi. Lakini siku ya tatu alianguka kweli, goti likachubuka, akakaa chini mchangani akiipangusa nguo yake polepole. Mwanafunzi mwingine ningekwenda kukaa nyuma yake, niushike ule mkono mpaka uelewe. Kwake sikuweza hata kumnyanyua. Mke wangu ndiye aliyemnyanyua.

"Mwambie mumeo nafasi yangu wampe mwingine," alisema. "Bodaboda nitaendelea kulipa."

Nilikwenda nikachuchumaa mbali kidogo, nikazungumza naye mwenyewe.

"Mama, kosa ni langu. Nimezoea kufundisha watu kusikiliza, na hiki chombo hakisemi. Sijapata bado njia ya kukufundisha. Nipe siku chache nifikiri."

Nilifikiri nyumbani, nikafikiri stejini, nikajaribu kufunga kitambaa chekundu kwenye usukani kimkumbushe kuzima. Kilipeperuka, basi.

Njia aliileta mwenyewe. Asubuhi moja tulimkuta amefika kiwanjani kabla yetu.

"Kama haisemi, nitaisemea mimi," alisema. Akawasha. "Bismillahi." Akazunguka kiwanja chote, akasimama, mkono wa kulia akauweka pajani, akazima kwa wa kushoto. "Alhamdulillahi." Ndipo akashika, akashuka.

Alirudia mara kumi na mbili, nilihesabu. Maadamu alikuwa hajashukuru, mkono wake ulijua kwamba chombo kingali macho. Ni kama chakula: hakuna anayesahau kama ameanza kula au amemaliza. Mimi nilisimama pale na kitambaa changu chekundu mfukoni, nimefurahi kuliko mwanafunzi.

Siku ya mtihani tulikwenda Changamwe. Mtahini alikuwa kijana mkavu, asiyecheka.

"Unazungumza na nani, mama?"

"Na mkono wangu, mwanangu."

Akampitisha kwenye mzunguko, akamsimamisha ghafla, kisha akamnyoshea karatasi na kalamu. "Tia sahihi hapa." Niliona mkono wake wa kulia ukiinuka, nikashika kiuno changu. Ukarudi pajani. Akazima, akanong'ona lake, ndipo akapokea kalamu. Mtahini akasema wengi wa pikipiki za umeme huangukia hapo hapo, kwa kupokea kalamu kabla ya kuzima, akaandika kwamba amepita.

Pikipiki yake ni ya buluu. Asubuhi ya kwanza alimshtua mwenye kibanda cha kwanza, maskini, hakusikia chochote mpaka tairi ikawa kando ya jiko lake. Birika nusura limwagike. Mama alimwomba radhi na kumwachia mahamri mawili ya bure. Tangu siku hiyo anapoingia vichochoroni huita kwa sauti yote aliyo nayo, "Mahamri hayo! Nipisheni!", na watoto wa madrasa husogea kando ya njia, wakamwitikia. Mimi niko stejini, namsikia akija.