Sisi Tunachapa Tu

Kitavi alikuwa mtu wa wino. Tangu ujanani alikuwa amefanya kazi kwenye kampuni ndogo ya uchapaji River Road, juu ya duka la misumari na mabomba. Alichapa kadi za harusi, ratiba za mazishi, kalenda za makanisa na stika za kila namna, na kucha zake zilikuwa na weusi usiotoka hata kwa mafuta taa. Nyumbani Woodley, mkewe Shiru alishauzoea wino. Alichoshindwa kukizoea ni sigara.

"Baba Yvonne," alikuwa akimwambia, "ukikohoa hivyo, kifua kinaniuma mimi."

Basi binti yao Yvonne alipoajiriwa, zawadi ya kwanza aliyomletea babake ilikuwa sigara ya kielektroniki, ile vijana wanaiita veipu. Aliinunua kwa duka la Mbuthia, barabara ileile anakofanya kazi babake. Mbuthia mwenyewe alimwonyesha jinsi ya kuichaji. "Hii ni safe kushinda simu yako, madam," alimwambia. "Betri yake haina shida."

Kitavi aliipenda. Kikohozi kilipungua, mapazia ya sebuleni yakaacha kunuka, na Shiru akamsifu Yvonne mbele ya majirani. Mvuke wake ulikuwa na ladha ya embe.

Jumapili moja walipotoka kanisani, walishuka Dagoretti Corner kununua parachichi. Kitavi alikuwa akibonyezabonyeza moja kuona kama limeiva, aliposikia mlio kwenye mfuko wa suruali, kama samaki mbichi akitiwa kwenye mafuta moto. Alitazama chini. Kabla hajaingiza mkono, kitu kilipasuka na moto ukamshuka pajani.

Ilikuwa suruali yake ya suti, kitambaa cha nailoni. Iliyeyuka ikashikana na nyama. Mama mwuza mboga alimmwagia beseni la maji ya kuoshea sukuma wiki, wapita njia wakamlaza chini, na mmoja wao akatoa simu kupiga picha badala ya kusaidia. Lakini kitu ambacho Shiru hajaweza kukisahau mpaka leo ni harufu. Plastiki iliyoungua, nyama ya mumewe, na juu ya hayo yote, tamu kama peremende, embe. Alitapika palepale, kando ya maparachichi ya watu.

Hospitalini walimkata ngozi ya paja lisiloungua wakaipandikiza kwenye lile lililoungua, kwa hiyo akawa na vidonda viwili badala ya kimoja. Yvonne alikuwa akisimama miguuni pa kitanda, hathubutu kusogea.

"Baba, ni mimi nilikuletea."

"Uliniletea zawadi," Kitavi alimjibu. "Huo moto uliletwa na mtu mwingine. Nikisimama tutaenda kumuuliza."

Na aliposimama walienda, yeye na Yvonne, yeye akiburuta mguu. Mbuthia aliwakaribisha kwa tabasamu, lakini aliposikia walichokuja kusema, likazima.

"Ulichaji na gani?"

"Na waya uliokuja ndani ya boksi."

"Iliwahi kuanguka?"

"Hapana."

"Ulikaa nayo kwa jua?"

"Nilikaa nayo kanisani," alisema Kitavi.

Mbuthia aliinua mabega. "Mzee wangu, pole sana. Lakini mimi nauza tu. Betri zinaundwa huko nje, mimi hata sijui ndani iko nini." Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu nyuma yake, akashusha nyingine kama ile, rangi ileile. "Chukua hii, tuyamalize kama ndugu. Hata ni ya embe."

Kitavi aligeuka akatoka bila kuaga. Huko nje alijishika ukutani, Yvonne akimpapasa mgongo.

Alirudi kazini bado anachechemea. Macharia, mwenye kampuni, alimtafutia kiti kirefu ili asisimame sana, na siku zikasonga. Halafu asubuhi moja Macharia akamletea kazi mpya: stika nyeusi zenye maandishi ya dhahabu, pamoja na kifaa kimoja kitakachobandikwa, ili apimie ukubwa wa stika. Kitavi alikishika na kukigeuza. Ilikuwa veipu ileile. Jina la zamani lilikuwa limekwanguliwa, na jina jipya la kubandikwa juu yake lilikuwa la kampuni ya Mbuthia. Chini ya jina ilisomeka: *Betri imepimwa, ni salama kabisa.* Na chini zaidi, kwa herufi za kuumiza macho: *Hasara yoyote ni ya mtumiaji.*

Kitavi alizima mashine.

"Imepimwa na nani?" aliuliza.

Macharia alikuwa akinywa chai na mandazi mezani pake. "Hiyo si kazi yetu, Kitavi. Sisi tunachapa tu."

"Ni hii iliyonichoma."

"Najua, na nilikuja kukuona hospitali. Lakini tukikataa, si ataenda tu hapo mlango wa pili?"

Wakiwa bado wanabishana, Mbuthia mwenyewe akaingia, amekuja kuona kazi imefika wapi. Pale kaunta palikuwa na kijana na mchumba wake wakichagua kadi za harusi. Mbuthia alipomwona Kitavi alisita, kisha akajikaza.

"Mzee, sasa? Ulipona?"

Kitavi alifungua mshipi, akashusha suruali hadi magotini, mbele ya wote. Paja lilikuwa jekundu na la zambarau, limekunjamana kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, na pembeni, mahali mshono haukuwa umefunga vizuri, palikuwa pakitoa maji ya manjano. Yule bibi arusi mtarajiwa aliziba mdomo. Mbuthia alitoa leso akafunika pua.

"Funika hiyo kitu, bana! Watu wanakula!"

"Inakuchukiza?"

"Kitavi, vaa suruali," alisema Macharia kwa sauti ya chini.

"Nauliza, inakuchukiza? Hii ndiyo iko ndani. Ulisema hujui ndani iko nini. Angalia basi, ujue ndiyo uandike."

Mbuthia alitazama ukuta. Macharia alisukuma sahani ya mandazi kando, akafuta vidole, na kwa muda mfupi Kitavi alidhani mwajiri wake angesema neno la utu. Macharia akamgeukia mteja wake. "Mbuthia, pitia kesho. Zitakuwa tayari."

Kitavi alivaa suruali yake, akachukua koti na mkebe wake wa chakula, akashuka ngazi. Hakurudi tena.

Stika zilichapwa. Lakini Kitavi na Yvonne walikuwa tayari wamepeleka mabaki ya ile betri kwa wakaguzi wa bidhaa, na wakaguzi walipofika dukani kwa Mbuthia walikuta veipu zimeshabandikwa jina jipya. Kesi ikaenda mahakamani. Mbuthia alirudia maneno yake yaleyale, kwamba yeye ni mwuzaji tu na cha ndani hakijui. Hakimu, mama mmoja mpole wa sauti, alimuuliza swali moja.

"Kama hujui ndani iko nini, uliandikaje kwamba ni salama?"

Mbuthia alimtazama wakili wake. Wakili alikuwa akipekua karatasi. Hakimu alisema anayeuza bidhaa akisema ni salama, hata akaiwekea jina lake, amejibebesha moto wake, akaamuru agharimie matibabu ya Kitavi yote, na veipu zilizobaki ziharibiwe.

Kitavi alitarajia siku hiyo atafurahi. Pale nje ya mahakama Mbuthia alimfuata, amenyoosha mkono, anatabasamu tena kama mtu aliyeshindwa mchezo wa drafti. "Hakuna ubaya, mzee. Ni biashara tu."

Kitavi aliutazama ule mkono, msafi, kucha zimekatwa vizuri. Alitema mate kando ya njia, jambo ambalo Shiru hakuwa amewahi kumwona akilifanya maishani, akamshika mkewe mkono wakaondoka.

Sasa anachapa ratiba za mazishi kwenye kibanda cha kukodi Dagoretti Corner. Macharia alimtumia salamu mara mbili kwamba nafasi yake bado ipo. Hakuzijibu.