Muunga Nyuzi Aliyekataa Mashine

Jabez Scholes alibaki muunga nyuzi mpaka ndevu zikaanza kuota mvi. Katika viwanda vya pamba vya Oldham, Uingereza, kazi hiyo ilikuwa ya vijana: kukimbia pekupeku kwenye sakafu yenye mafuta, kuunga nyuzi zinazokatika, na kungoja msokotaji mmoja afe ili upewe mashine yake. Msokotaji alikuwa na kazi ya uhakika na chama cha kumtetea. Muunga nyuzi aliajiriwa na msokotaji mwenyewe, na msokotaji akiamka vibaya, kazi imekwisha. Hata baa waligawana: wasokotaji chumba cha ndani chenye moto, waunga nyuzi wamesimama mlangoni.

Msokotaji wake, mzee Lees, alikuwa mtu wa majivuno. Alimwita Jabez "kijana" hata mbele ya mke wa Jabez.

Asubuhi moja Lees alikataa kusokota pamba mbovu, ambayo nyuzi zake hukatika ovyo. Meneja akamfukuza palepale, akamgeukia Jabez.

"Haya, Scholes. Mashine ni yako. Washa."

Jabez aliitazama. Ndiyo aliyoingoja tangu ujana wake.

"Pamba ni ileile, bwana?"

"Ileile."

"Basi nami nakataa."

"Una wazimu? Huyu mzee amekudharau maisha yako yote!"

"Dharau ya Lees ni ugomvi wetu sisi wawili, bwana. Pamba mbovu ni yako."

Mtu akacheka nyuma. Meneja akamwita muunga nyuzi wa pili, naye akatikisa kichwa kukataa. Wa tatu akajifanya anafunga suruali. Mashine ikasimama kimya. Kabla ya chakula cha mchana ililetwa pamba nzuri, na Lees akarudishwa.

Jioni, kwenye baa, Lees alimwita Jabez kutoka chumba cha ndani. "Njoo ukae na wanaume, kijana!"

"Siingii peke yangu, mzee. Na sikukataa kwa ajili yako. Pamba mbovu ni mbovu, hata akipewa adui yangu." Jabez hakupandisha sauti. "Mashine itakayobaki wazi apewe aliyengoja zaidi, si mpwa wa mtu. Ahidini hapa, wenzangu wasikie."

"Loo! Leo unatuamuru?" Lees aliuliza.

"Naomba haki. Kesho meneja akiniuliza tena, nitajibu nikijua mnasimama wapi."

Wasokotaji wakatazamana, wakamwachia Lees awajibie. Lees akakuna shingo.

"Dada yangu ataninyonga, mwanawe anangoja mashine," alisema. Kisha akainuka, akawavutia waunga nyuzi benchi karibu na moto. "Haya, ingieni. Tumeahidi."